Mulika jicho la kulia, tazama la kushoto
Wanafunzi wa uuguzi wanaokuja kujisomea barazani kwangu Mbagala, ubongo wa kati nawafundisha umeme ukikatika. Kifaa ni tochi ya simu tu.

Mkalishe mwenzako kwenye giza hafifu. Mwambie atazame mbali. Mimi huwaonyesha moto wa jiko la muuza mahindi ng'ambo ya barabara. Akiikodolea tochi, mboni zitasinyaa kwa kuwa anatazama kitu cha karibu, nawe utadhani ni mwanga. Jua kali nalo hudanganya. Nikiwa mazoezini niliandika kwenye faili "mboni ziko sawa" baada ya kumpima mgonjwa dirishani saa sita mchana. Sista wa zamu akafunga pazia, akanirudisha kitandani pale: "Haya mwanangu, sasa pima."

Leta tochi kutoka pembeni, umulike jicho la kulia. Mboni inasinyaa. Hapo wengi hufurahi wakazima. Rudia, ila safari hii wewe tazama jicho la kushoto, ambalo hulimuliki. Simamisha kiganja juu ya pua yake kama ukuta, mwanga usivuke. Mboni ya kushoto nayo inasinyaa, papo hapo.

Kazi hiyo hufanyika kwenye ubongo wa kati, sehemu ya juu ya shina la ubongo, urefu wake kama sentimita 2 hivi. Habari ya mwanga huletwa na neva ya pili, ile ya kuona, mpaka upande wa nyuma wa sehemu hiyo, ikagawiwa kulia na kushoto kwenye viini vya Edinger-Westphal, yaani vikundi viwili vya seli za neva. Kutoka hapo neva ya tatu ya kila upande huamuru msuli wa mboni yake ujikaze.

Kwa hiyo ukimulika kulia mboni zote zikatulia, ukimulika kushoto zote zikasinyaa, neva ya pili ya kulia ndiyo ya kushukiwa. Za tatu ni nzima. Mboni moja ikibaki imetanuka hata umulike jicho lipi, shuku neva ya tatu ya upande huo. Ila uliza kwanza kama hajatiwa matone ya kutanua mboni kliniki ya macho! Na wapo wazima ambao mboni zao hupishana kidogo tangu zamani.

Lakini mtu kaanguka na bodaboda, kagonga kichwa, anasinzia na mboni moja imetanuka: uvimbe kichwani huenda unaiminya neva hiyo. Usirudie kupima. Tochi itumie kusimamisha gari la kumpeleka hospitali.