Mwiko wa mhusika uwe kama sharti la mganga

Nyie mnaocheza gemu za uhusika za mezani, zile za kila mtu kuigiza mhusika wake wa kubuni na dadu kuamua mambo, mkimpa mhusika mwiko wa kichawi msimwambie "usifanye ubaya", hiyo haibani kitu, mpeni cha kushikika kama masharti ya mganga, usile pweza, usikatae chakula cha mwenyeji. Tena iwe miwili inayogongana, ndo utamu wenyewe. Cú Chulainn wa hadithi za Ayalandi alikatazwa nyama ya mbwa na pia kukataa chakula anachokaribishwa, sasa akakaribishwa mbwa, afanyeje? Juzi barazani Wete mpiganaji wetu kwenye gemu, mwenye miiko hiyo miwili ya pweza na chakula cha mwenyeji, kaekewa pweza wa nazi na bi kizee wa humo kwenye gemu, tulicheka mpaka dadu zikapotelea chini ya mkeka. Adhabu ya kuvunja mwiko isemwe mapema, mkono kupooza mpaka alfajiri inatosha, kumuua hapana.