Namna ya Kumweleza Kinyozi Mtindo Unaoutaka

Neno "kawaida" limeharibu vichwa vingi kuliko mashine mbovu. Mteja akiketi na kusema, "Fundi, ninyoe kawaida tu," huwa anafikiria kichwa chake cha mwezi uliopita, ilhali kinyozi ana kawaida yake mwenyewe, na wote wawili hugundua tofauti hiyo mashine ikiwa imekwisha kupita utosini.

Dawa yake ni namba. Vitana vinavyopachikwa kwenye mashine huandikwa namba, na kwa mashine nyingi namba 1 huacha nywele za milimita 3 hivi, namba 2 milimita 6, namba 3 milimita 10, na namba 4 milimita 13. Mashine isiyo na kitana hukaribia kuacha ngozi tupu. Taja namba ya utosini na namba ya pembeni, kila moja peke yake, kisha useme kama mashine ifuate ulalo wa nywele au iende kinyume, kwa kuwa namba ileile ikifuata ulalo huacha nywele ndefu zaidi. Ukiwa huijui namba yako, omba aanze na 4, kisha ashuke hatua kwa hatua huku ukitazama kiooni.

Anayetaka nywele zififie kuelekea chini, mtindo ambao vijana huuita fedi, aoneshe kwa kidole mahali ufifiaji unapoanzia, iwe ni juu kidogo ya sikio au kwenye panja.

Mimi hutahadhari zaidi na mstari wa mbele. Kinyozi anayependa kuchonga huweza kuusogeza nyuma ili unyooke, na siku chache baadaye vinyweleo huota mbele yake na kukuumbua. Mwambie mapema: "Safisha tu, usiurudishe nyuma." Ukiwa hutokwa na vipele kisogoni au kidevuni, mweleze asikwangue hadi kwenye ngozi.

Picha ya simuni husaidia, mradi iwe ya mtu mwenye nywele kama zako. Nywele za kipilipili hazilali kama za singa, hata fundi awe hodari vipi. Iliyo bora ni ya kichwa chako mwenyewe siku uliporidhika, ipigwe mbele, ubavuni na kisogoni.

Yote haya yasemwe kabla mashine haijawashwa. Akimaliza, omba kioo cha pili utazame kisogo kabla hajakupaka spiriti, maana palipobaki nywele nyingi bado pataweza kupunguzwa.