Namna ya kuagiza chakula usichokijua ukiwa Kampala

Msafiri anayetoka Dar es Salaam au Mombasa huingia katika mkahawa wa Kampala akiamini kwamba, kwa kuwa Kiswahili na Kiganda ni lugha ndugu, vyakula navyo vitajitambulisha vyenyewe. Udugu upo, lakini ndio unaoponza. Ukiomba ndizi utaletewa zile ndogo tamu za kumenya na kula papo hapo, kwani ndizi za kupika huitwa matooke. Mboga kwa Waganda ni kabichi, na posho, ambayo Mtanzania huipokea akiwa safarini kikazi, hapa ni ugali wa mahindi. Asiyekula nguruwe awe makini zaidi: embuzi ni mbuzi yule yule tumjuaye, ilhali embizzi ni nguruwe, na katika kelele za mkahawa maneno hayo hukaribiana mno. Rudia swali bila haya.

Ukishayajua majina, jifunze mpangilio. Katika mikahawa ya kawaida mteja hutaja kwanza kitoweo, yaani enva, kisha huulizwa atakula na emmere ipi: matooke, posho, wali, muhogo, viazi vitamu au kalo, ambao ni ugali wa ulezi. Mgeni aombe mchanganyiko, kidogo cha kila kimoja, apate kuonja vingi katika sahani moja. Kwa upande wa kitoweo, anza na unachokijua kwa jina jingine: mukene ni dagaa, mputa ni sangara na ngege ni sato. Siku ya pili sogea hadi ebinyebwa, mchuzi mzito wa karanga zilizosagwa. Mwenye mzio wa karanga aulize kabla ya kuonja, si baada, kwa maana karanga huingia katika vitoweo vingi bila kuonekana.

Swali lolote litanguliwe na salamu. Mwambie mpishi «Gyebale ko, nnyabo», au «ssebo» akiwa mwanamume, yaani pole na kazi, na aghalabu atakufunulia sufuria uone mwenyewe kilichomo.

Chakula kinachostahili subira kuliko vyote ni luwombo. Jani la mgomba lisilopasuka hupitishwa juu ya moto mpaka lilainike na kushika harufu ya moshi. Ndani yake hutiwa kuku, nyama, au mchuzi wa karanga wenye uyoga ama samaki wa kukaushwa kwa moshi, kisha hufungwa na kupikwa kwa mvuke kwa saa kadhaa. Kwa sababu hiyo, fika wakati wa chakula cha mchana, kwani jioni huenda ukakuta kimekwisha. Kikiletwa kimefungwa, usikimimine. Fungua juu taratibu, uso ukiuweka mbali na mvuke, uliache jani liwe bakuli, na uchovye matooke humo humo. Jani lenyewe haliliwi. Ulimi uliozoea mapishi ya pwani utatafuta iliki na tangawizi usizipate. Mimi naona ni kosa kuagiza pilipili kabla ya kuonja, kwa kuwa harufu ya jani ndiyo kiungo chenyewe, na pilipili huifuta.

Ukiwa huko mwezi wa Novemba, ambao kwa Kiganda huitwa Musenene, utawaona wachuuzi wa nsenene, wadudu jamii ya panzi. Wenye ndugu Bukoba wanawajua senene hao. Wengine waanze na wachache kiganjani, waliokwisha kuondolewa mabawa na miguu na kukaangwa.

Jambo moja la haraka kuhusu matooke: huliwa yakiwa moto, kwani yakipoa hukakamaa na ladha hupungua, kwa hiyo anayetaka kupiga picha za sahani yake apige moja tu.