Siku ya ngoma Mikindani: uliza maji kwanza, viti baadaye

Kazi yangu ni kukodisha maturubai na viti hapa Mikindani, Mtwara. Nimefunga turubai kwenye harusi, khitma, mikutano ya kampeni na siku za ngoma nisizoweza kuzihesabu. Mfunga turubai hufika wa kwanza na huondoka wa mwisho, kwa hiyo makosa ya watu nayaona yote, na yangu yamo. Vijana wakitaka kuandaa siku ya ngoma na afya, yaani ngoma za asili, vinyago na ukili wa akina mama, na meza ya kupima presha, huja kwangu kuulizia bei ya viti. Nami kabla ya bei huwauliza: "Maji mmeyaangalia?"

Nina sababu. Mwaka mmoja kamati yetu ilipanga ngoma ufukweni Jumamosi ya mwezi mpevu, ili watu wacheze hadi usiku bila gharama ya taa. Tulifika saa nne asubuhi bahari imekupwa, mchanga umetandazika kama uwanja wa mpira. Nikafunga maturubai matatu kwa raha zangu. Wavuvi waliokuwa wanashona nyavu pembeni wakawa wanatutazama na kucheka chini chini, nikadhani wana mambo yao. Saa tisa maji yakaanza kutukaribia. Saa kumi, ngoma ndiyo kwanza imekolea, maji yakafika kwenye miguu ya viti vya mbele, na mzee mmoja akainuka kimya, akabeba kiti chake kichwani, akaenda zake. Tulihama na ngoma mkononi.

Ile ilikuwa bamvua. Mwezi ukiwa mpevu, na pia ukiwa unaandama, maji hujaa hadi juu kabisa, na pwani yetu hii kujaa kwenyewe huangukia kwenye saa kumi, alasiri na alfajiri. Ukiutaka ufukwe, chagua siku ya saba au ya nane baada ya mwezi kuandama. Hayo ni maji mafu, bahari haipandi sana, na nusu ya mwezi utaikuta juu ya kichwa jua likizama, inakumulikia hadi karibu na usiku wa manane. Mwezi unao na viti vinabaki vikavu. Ukiwa na shaka, muulize mvuvi kabla hujaandika tarehe kwenye kadi.

Mwezi wa kalenda nao una mambo yake. Kuanzia Desemba hadi Aprili ni mvua na palizi. Oktoba hadi mwisho wa mwaka watu wako chini ya mikorosho wanaokota, na akili zao ziko kwenye mnada. Juni na Julai wengi wanapuliza salfa, dawa ya mikorosho, na tena ni wakati wa jando na unyago, vikundi vizuri vyote vimeshachukuliwa. Mimi napenda mwanzoni mwa Septemba. Salfa inaelekea kuisha, korosho bado, na upepo wa kusi umeanza kupungua makali. Kusi ya Agosti imenichania turubai mbili.

Vibali ni kazi ya miguu tu: mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wa kata, afisa utamaduni wa halmashauri, kisha polisi. Nenda mapema, na kila barua uwe na nakala yake iliyogongwa muhuri.

Kualika kikundi ndiko kunakohitaji adabu. Niliwahi kumpigia simu mzee mmoja wa ngoma, anakaa uwandani upande wa Newala, nikamweleza siku, saa na malipo, nikidhani nimemaliza. Akanisikiliza, halafu akasema, "Mjukuu wangu, umeniambia utanipa nini. Hujaniambia wewe ni mtoto wa nani." Ikabidi nipande gari, zaidi ya kilomita mia, nikampa shikamoo yake uso kwa uso na kumtajia ukoo wa mama yangu. Tukakuta mjomba wa mama aliwahi kulala nyumbani kwao enzi za jando. Kikundi kilikuja, na bei ikashuka bila mimi kuomba.

Basi nenda mwenyewe, au mtume mtu anayejulikana kule. Kubalianeni mambo matatu wazi: nauli ya kuja na kurudi, chakula, na posho ya kikundi. Uliza pia fedha za kutunzwa zinakwendaje, maana watu wetu wakipendezwa na mchezaji humbandika noti kwenye paji la uso. Vikundi vingine huweka zote kwenye kapu moja, vingine kila mtu na chake. Mteue mtu mzima mmoja wa kuokota noti zinazoanguka. Ugomvi wa noti ya elfu mbili unaweza kuvunja ngoma ya watu ishirini.

Kama kuna lipiko, yaani mchezaji wa kinyago wa Kimakonde, kuwa makini zaidi. Yule aliyevaa kinyago si kijana fulani wa mtaa wa pili, hata kama unazijua nyayo zake. Mtafutie mahali pa kujiandalia palipofichika, nyuma ya nyumba au kwenye kichaka, na njia ya kutokea isiyopita katikati ya viti. Mshereheshaji aambiwe kabisa asitaje jina na asimwombe avue kinyago apigwe picha. Nilishuhudia mmoja akifanya hivyo mbele ya wageni, kwa utani. Wazee walisimama wote pamoja, ngoma ikanyamaza, na ilichukua saa nzima ya kuomba radhi.

Sasa uwanja. Uwe wa udongo. Nasisitiza kwa sababu kila mwaka kuna kamati inayotaka kwenye zege, eti pasafi. Vinganga, zile ngoma ndogo za Wamakonde zenye sauti kali, zina ncha chini. Mpigaji huichomeka ardhini ndiyo apate kuipiga ikiwa imetulia. Kwenye zege utaichomeka wapi? Na mcheza sindimba anakanyaga peku, zege la saa nane limeiva kama kikaango. Tafuta udongo, fagia, saa saba mwaga ndoo kumi za maji vumbi lilale.

Karibu na uwanja pawe na moto. Ngozi ya ngoma ikilegea hupashwa moto ikaze, na watapasha si mara moja, kila baada ya michezo miwili mitatu hivi. Weka makumbi ya nazi makavu na nyasi za kutosha. Moto ukae upande wa kaskazini wa maturubai, kwa kuwa kusi inavuma kutoka kusini na cheche zitakwenda mbali nawe. Turubai langu la bluu lina tundu la ukubwa wa sahani. Siku ile moto niliuweka mimi mwenyewe, upande wa kusini.

Viti usivipange mistari kama shule. Ngoma ni duara. Watu wakikaa mistari wanageuka watazamaji, wanakunja mikono, na kikundi kinachoka haraka. Panga viti upande wa magharibi tu, safu mbili tatu za wazee na wageni, ili jua la alasiri liwapige mgongoni badala ya machoni. Pande nyingine weka mikeka kwa kina mama na watoto, na uache nafasi ya kusimama. Kwa watu mia nne, viti mia vinatosha. Nasema hivyo mimi ninayelipwa kwa kiti.

Mgeni rasmi atachelewa. Andika kwenye barua yake saa moja kabla ya muda halisi, na wala usisimamishe ngoma kumsubiri. Ila adhana ya alasiri na ya magharibi ikisikika, spika zizimwe na vinganga vinyamaze. Mshereheshaji asingoje kukumbushwa.

Meza ya afya, barua yake ipelekwe kwa mganga mkuu wa halmashauri, naye ataleta wauguzi. Kosa letu la kwanza lilikuwa kuiweka jirani na uwanja, jioni. Bibi mmoja alitoka moja kwa moja kwenye sindimba, jasho linamtiririka, akanyoosha mkono. Mashine ikasoma 170 juu. Akaanza kulia, wanawe wakataka kumkimbiza hospitali. Muuguzi akamkalisha kivulini, mgongo umeegemea, miguu chini, bila maneno. Akampima tena akiwa ametulia, ikasoma 132. Tangu hapo upimaji tunaufanya kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi, kabla ngoma haijalia, na kila mtu anakaa dakika tano kwanza. Asubuhi pia ni nzuri kwa sukari, maana ukitangaza mapema kuna watakaokuja hawajala. Anayesoma 140 kwa 90 au zaidi hata baada ya kurudiwa, hupewa karatasi aende nayo kituoni. Usiruhusu namba za watu zitangazwe kwenye kipaza sauti, hata kwa kusifu.

Chakula waachie kina mama wa mtaa wauze wenyewe: ming'oko ya kuchemsha, muhogo, pweza, maji ya madafu. Wape meza bure. Uraka, pombe ya mabibo, ukiwepo, na kwenye msimu utakuwepo tu, ukae mbali na wapigaji hadi wamalize.

Mwisho hesabu viti usiku ule ule, usingoje asubuhi. Mwaka jana vilipungua vitatu. Viwili nilivikuta vibandani kwa wauza pweza. Cha tatu kilikuwa nyuma ya msikiti, yule mzee aliyewahi kubeba kiti kichwani amekalia, amelala fofofo, fimbo mapajani. Nilimwachia, nikakifuata kesho yake baada ya swala ya alfajiri.