Kuhamisha Linux iliyo ndani ya KVM kwenda virtio bila kuiua

Kijana wa ofisi moja ya utalii hapa Arusha aliniita kwa sababu ya sava ya mahesabu: kompyuta ina nguvu, lakini Linux iliyo ndani ya KVM (sehemu ya Linux inayoendesha mashine pepe) inajikokota. Mashine hiyo pepe, yaani mgeni, ilipewa diski ya SATA na kadi ya mtandao ya e1000, vyote vya kuigiza, na maigizo hayo yanakula prosesa. Dawa ni virtio, vifaa na dereva zilizobuniwa kwa ajili ya mashine pepe, iliyomo kwenye kerneli (kiini cha Linux) tangu toleo la 2.6.24 la mwaka 2008. Kwa virtio, mgeni anajua yuko ndani ya mashine pepe, hivyo anapanga maombi yake kwenye foleni ya kumbukumbu ambayo mwenyeji, yaani kompyuta halisi, pia anaisoma.

1. Nakili diski nzima kwanza.

2. Ndani ya mgeni, kwenye folda ya msimbo wa kerneli: `make olddefconfig`, kisha `make kvm_guest.config`. Hapo PARAVIRT, KVM_GUEST na virtio zinawekwa `=y`. Dereva ya diski ya mfumo naitaka ndani ya kerneli yenyewe, si moduli. Jenga, sakinisha.

3. Hapa ndipo watu wanapokesha. Diski itaacha kuitwa `sda`, itaitwa `vda`. Endesha `grep sda /etc/fstab /etc/default/grub`. Kila unapoiona kwenye fstab (orodha ya diski za kupachika) weka UUID, namba ya kudumu ya mfumo wa faili. Ila kwenye `root=` (inayoiambia kerneli diski ya mfumo iko wapi) kuwa makini: kama huna initramfs, yaani mfumo mdogo wa muda wa kuwashia, kerneli haielewi `UUID=`, inaelewa `PARTUUID=`, namba ya kizigeu, ambayo `blkid` itakuonyesha. Ukikosea utapata `unknown-block(0,0)` na kila kitu kusimama. Ukiwa na LVM (mpango wa kugawa diski kwa juzuu), initramfs ni lazima. Na kama unabaki na kerneli ya Red Hat au ndugu zake, dracut, programu inayotengeneza initramfs, kwa kawaida hubeba dereva za vifaa inavyoviona sasa hivi tu, kwa hiyo virtio haimo. Kabla ya kuzima:

`dracut -f --add-drivers "virtio_pci virtio_blk"`

Hakikisha kwa `lsinitrd | grep virtio`. Isipotokea, usiendelee.

4. Zima mgeni, kisha kwenye mwenyeji `virsh edit` na jina la mgeni. Kwenye diski, `bus='sata'` iwe `virtio`, `sda` iwe `vda`, na ufute mstari wa `<address type='drive'`; libvirt, inayosimamia mashine pepe, itaandika mwingine. Kadi ya mtandao: `e1000` iwe `virtio`. MAC, anwani ya kadi, usiiguse. Jina la kadi laweza kubadilika, kwa hiyo funga mipangilio ya mtandao kwa MAC.

5. Washa mgeni, usome ndani yake chanzo cha saa: `/sys/devices/system/clocksource/clocksource0/current_clocksource`. `kvm-clock` au `tsc` ni sawa. Ukikuta `acpi_pm`, saa bado ni ya kuigiza: rudi hatua ya 2 uangalie KVM_GUEST.