Kuandika kumbukumbu za mtoto uliyempoteza kwa ugonjwa

Usianze na usiku wa mwisho. Ukianzia hapo, mtoto anabaki mgonjwa tu, na msomaji hajui anamlilia nani. Anza akiwa mzima: alivyokataa uji usio kwenye kikombe chake chekundu, jina alilompa paka wa ploti.

Tarehe zitakuchanganya, maana majonzi huvuruga kumbukumbu. Fungua jumbe za M-Pesa: nauli, dawa, michango ya jamaa, zote zina siku na saa. Zilinganishe na kadi ya kliniki na karatasi alizopewa akiruhusiwa kutoka wodini, kisha andika mstari mmoja kwa kila tarehe. Kama huna karatasi hizo, omba nakala kwa barua hospitalini, ukibeba kitambulisho na cheti cha kifo.

Sura ya wodini iandike mchana, dakika 30 hivi, halafu funga daftari ukae na mtu. Usiiandike usiku ukiwa peke yako, tafadhali. Ndugu zake waulize kabla ya kuwataja, nao walifiwa. Wauguzi wape majina mengine.

Ukitaka kukiuza kitabu, namba ya ISBN, ile ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, nchini Kenya hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa.