Somo: Jinsi ya kuomba mkalimani katika ofisi za serikali Marekani

Ndugu zangu, somo hili ni la wale mnaoishi Marekani na Kiingereza bado kinawapiga chenga. Nimewasindikiza wengi kwenye ofisi za Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo), msaada wa chakula na Social Security (malipo ya wazee na wenye ulemavu), na linaloniumiza kila mara ni lile lile: mtu anaitikia "yes, yes" bila kuelewa, anasaini, kisha barua inamfikia nyumbani kwamba msaada umekatwa.

Jueni kwanza haki yenu inatoka wapi. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza ofisi inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ilitumia sheria hiyo kuwapa haki wanafunzi wa Kichina wa San Francisco waliokuwa wakifundishwa kwa lugha wasiyoielewa: kumwacha mtu nyuma kwa sababu ya lugha yake ni kumbagua kwa asili yake. Ni kweli kwamba Machi 2025 Rais Trump alitangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi na kufuta amri ya mwaka 2000 kuhusu huduma za lugha. Lakini sheria ya 1964 haikufutwa. Ombeni bila woga.

Hatua ya 1. Ukifika dirishani, kabla ya kutoa kitambulisho, sema: "Swahili interpreter, please." Usitaje jina "Kiswahili", maana karani ataitafuta lugha yako kwenye herufi S. Mkalimani halipiwi na wewe.

Hatua ya 2. Mara nyingi mkalimani huja kwa simu. Karani ataweka simu kaunta na kufungua spika. Mkalimani atataja namba yake ya utambulisho. Iandike, pamoja na tarehe. Ongea sentensi fupi, umtazame karani.

Hatua ya 3. Hakikisha saa! Hapa ndipo watu wetu wanapoumia. Jirani yangu, mama mtu mzima, alipewa miadi ya 9:00 asubuhi. Mkalimani akamwambia "saa tisa". Mama akaenda saa tisa alasiri, akakuta jina lake limeshafutwa, akaanza upya kupanga foleni ya wiki kadhaa. Mwombe karani akuandikie saa kwenye karatasi, kisha ulinganishe na tarakimu za simu yako.

Hatua ya 4. Usisaini usichosomewa. Mwambie mkalimani: "Naomba unisomee hii kabla sijasaini."

Wakikunyima mkalimani, uliza jina la msimamizi na uombe maelezo ya jinsi ya kulalamika.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwanangu wa miaka 13 anajua Kiingereza vizuri. Si anitafsirie tu hospitali?

Jibu: Hapana, dada. Kanuni za afya za serikali kuu haziruhusu hospitali kumtegemea mtoto, isipokuwa kwa dharura wakati hakuna mkalimani. Halafu fikiria: utamweleza mwanao habari za kizazi chako? Au yeye ndiye akuambie una saratani?

Swali: Mimi natoka Bukavu. Mkalimani alikuwa wa pwani, nusu ya maneno yake sikuyashika.

Jibu: Sema hapo hapo, kaka, uombe mwingine anayejua Kiswahili cha Kongo. Kama unaelewa zaidi Kinyarwanda au Kifaransa, omba hicho. Si kumkosea heshima mkalimani.

Swali: Mama yangu ana miaka 61, ana grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu) tangu miaka 16 iliyopita. Atafanyaje mtihani wa uraia na Kiingereza hajui?

Jibu: Aliyefikisha miaka 55 na kukaa miaka 15 na grini kadi anasamehewa Kiingereza, vivyo hivyo wa miaka 50 aliyekaa 20. Maswali ya historia na serikali atajibu, ila kwa Kiswahili. Mkalimani mtakuja naye nyinyi wenyewe, hawatoi wao. Anza kumfundisha maswali sasa, mawili matatu kila jioni.